Je, umemwua wewe au maji?



Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu kutoka Ohio, Marekani. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana hali za Muheza na za huko, akaniambia: "Mjomba, nataka kununua upinde. Mama kaniambia wewe ulikuwa mpigaji. Nichukue upi?"

Nilicheka kwanza. Kijana amezaliwa hapa penye michungwa, kaenda kuishi kwenye barafu, na sasa anataka upinde. Kumbe huko jambo hilo ni la kawaida. Mwishoni mwa Septemba hufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde, na mwenye leseni huingia msituni na podo lake bila kubughudhiwa na mtu. Anachokitaka ni ule upinde wa vipande vitatu. Katikati kuna mpini, juu na chini kuna mikono miwili inayofungwa kwa bolti, na ncha zake zimepindwa kuelekea mbele. Ukimaliza kazi unaufungua, unautia kwenye begi na kurudi nyumbani.

Alikuwa ameshauchagua moyoni. Mikono yake ilikuwa ya ratili 60. Rafiki zake walimwambia kuwa mwanamume havuti pungufu ya hapo.

Nikamwambia asubiri, nitampigia. Niliyoyafikiri katika kusubiri huko ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu naona swali lake halikuwa la dukani tu. Lilikuwa swali la halali na haramu, na zaidi ya hapo, swali la nafsi.

Tuanze na la dukani. Uzito wa upinde hupimwa unapovutwa kufikia inchi 28. Mwenye mikono mirefu akivuta inchi moja zaidi, huongeza kama ratili mbili. Mwenye mikono mifupi hupunguza kiasi hicho hicho. Anayejifunza huanza na ratili 25 hadi 35. Wengi wanaowinda kulungu hutumia 40 hadi 50. Na faida kubwa ya upinde wa vipande ni hii: mpini unabaki ule ule, ila mikono hubadilishwa kadiri misuli inavyokomaa. Hakuna sababu ya mtu kuanza na mzigo asioumudu.

Anayevuta asichokiweza hutetemeka. Huachia kabla hajatulia, na mshale huenda unakotaka wenyewe. Tena mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata mishipa na kumwaga damu. Ukipita kwenye mapafu, mnyama huanguka upesi. Ukiingia tumboni au pajani, anakimbia nao, na anaweza kuteseka usiku kucha. Kwa hiyo tofauti ya kiganja kimoja katika shabaha ndiyo tofauti baina ya kuchinja na kutesa.

Haya sikuyasoma kitabuni. Niliyaona kwa macho yangu mwaka 1968.

Mwaka huo bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi shambani. Nyumbani tulikuwa watoto sita. Mboga ilikuwa kisamvu asubuhi na jioni, na bada la muhogo. Mjomba wangu alikuwa na upinde wake wa mti, mgumu, ambao hata watu wazima waliuheshimu. Mimi nilikuwa na miaka 15. Siku moja niliuchukua bila ruhusa, nikapanda kuelekea milimani, na wakati wa alasiri nikamwona paa.

Nilisema Bismillah. Hilo namshukuru Mola kuwa sikulisahau. Lakini upinde ulinishinda nguvu. Mkono ulitetemeka, mshale ukampata nyuma ya mbavu, akatokomea. Nilifuata matone ya damu mpaka giza likaingia. Asubuhi nilirudi, nikamkuta amekufa. Alikuwa amelala ndani ya kijito, kichwa chote majini.

Nilimvuta nikamtoa. Hapakuwa na mtu aliyeniona. Nilipofika nyumbani wadogo zangu walipiga vigelegele. Babu akamgusa yule paa, akauliza mbona manyoya yamelowa. Nikajibu: "Umande, babu." Akaniangalia, hakusema neno. Akachunwa, sufuria ikabandikwa, harufu ikajaa uani. Wadogo zangu walikuwa wamekaa karibu na mafiga kama watu wanaosubiri Idi.

Sikuweza. Nilimfuata babu barazani nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Je, umemwua wewe au maji?" Nikasema sijui. Akasema: "Basi na mimi sijui, na kwa tusilolijua hatuli." Mama akasema watoto wana njaa. Babu akajibu kwamba muhogo upo, kwa hiyo dharura haipo. Nyama ikamwagwa. Wadogo zangu walilia, na usiku ule tulikula bada kwa kisamvu. Hakuna aliyenipiga. Natamani wangenipiga.

Nilipokua nikasoma, nikajua kuwa babu hakubuni jambo. Katika hadithi za Adiy bin Hatim (r.a.), ambaye alimuuliza Mtume (s.a.w.) mambo mengi kuhusu uwindaji, limo hilo hilo. Windo likikutwa limezama majini haliliwi, kwa kuwa haijulikani kilichouwa ni mshale au maji. Limo pia kwamba kinachochoma kwa ncha huliwa, na kilichouwa kwa ubavu wake, kwa kugonga, hakiliwi. Na imekuja katika mafundisho yake (s.a.w.) kuwa anayechinja anoe kisu chake na amwondolee mnyama taabu. Sheria hiyo basi haiulizi tu kama umepata nyama. Inauliza umeipataje, na mnyama kafa vipi.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza swali zito. Kama wema kwa mnyama ni wajibu, kwa nini mpwa wako asichukue bunduki? Si inaua kwa hakika zaidi?

Nimelitafakari sana. Ni kweli kwamba anayetumia upinde kwa fahari tu, huku akijua atajeruhi wengi kuliko atakaowaua, hana hoja. Kusema kuwa upinde ni silaha ya masahaba hakumtoi katika dhulma. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alikuwa mpigaji hodari, na kujifunza shabaha ni jambo lililohimizwa, Ibn Qayyim aliandika kitabu kizima, al-Furusiyya, kuhusu fani hizo. Lakini waliohimizwa kulenga ndio hao hao waliokatazwa kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo.

Hata hivyo bunduki nayo hujeruhi ikishikwa na mzembe, tena toka mbali zaidi. Upinde unamlazimisha mtu kusogea mpaka hatua kama ishirini. Mshale wake huenda karibu mita 50 kwa sekunde, na sauti huenda mita 340, kwa hiyo mnyama anaweza kusikia mlio wa upote na kuruka kabla mshale haujafika. Mwenye upinde mwaminifu anajua hayo, na ndiyo maana siku nyingi hurudi nyumbani bila kuachia hata mshale mmoja. Naona hapo ndipo penye jibu. Upinde ni halali kwa mtu anayeweza kuacha. Asiyeweza kuacha, hata bunduki haimfai.

Tukumbuke Uhud, mwaka wa tatu Hijria. Wale wapiga mishale kama hamsini waliowekwa mlimani chini ya Abdullah bin Jubair (r.a.) hawakupungukiwa na pinde wala shabaha. Wengi wao walipoona ngawira wakateremka, na kilichofuata kinajulikana. Kilichowashinda ni kusubiri.

Na kwa vijana wetu wa Muheza watakaosoma haya wakatamani, nasema wazi: msichukue makala hii mkapanda nayo Amani. Ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, iwe kwa bunduki, mtego au mshale. Nyama ya kuvunja amana ya watu wote haitakasiki kwa Bismillah. Anayetaka kujifunza shabaha ajaze gunia nyasi kavu, alitundike nyuma ya nyumba pasipopita mtu, na apige mpaka vidole viote sugu.

Nilimpigia mpwa wangu siku ya tatu. Nilimwambia anunue mpini mzuri na mikono ya ratili 30. Apige gunia mwaka mzima. Baada ya hapo anunue ya 45, apige tena mpaka katika hatua ishirini mishale sita mfululizo iingie ndani ya mduara wa sahani. Mishale yenyewe ilingane na upinde kwa ugumu wake, na chembe zake ziwe kali kama wembe. Akiweza, aende. Asipoweza, abaki na gunia lake, si aibu.

Akaniuliza: "Mjomba, na wale rafiki zangu wa ratili 60 nitawaambia nini?"

Nikamwambia awaulize wakimpata mnyama asubuhi ya pili, katika maji, watajuaje aliyemwua ni nani.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama hakuwahi kunihadithia habari ya yule paa."

Mama yake ndiye aliyelia kuliko wote usiku ule. Alikuwa na miaka minne.

Wallahu a'alam.