Nani atamwimba Mwenda?

Ukiwataja Wafaransa mbele ya wazee wa Kolwezi, kinachowajia kwanza ni miavuli. Tarehe 19 Mei 1978, mji ukiwa mikononi mwa waasi waliotokea Angola, askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa walirushwa juu yetu. Jeshi hilo lina wimbo linaouona kuwa wake, "Non, je ne regrette rien", ambao Édith Piaf mwenyewe alilitunukia mwaka 1960. Basi mtu wa hapa akiisikia sauti ile inayotetemeka, si lazima awaze mapenzi.

Ndivyo nilivyoketi kuitazama La Môme, filamu ya 2007 kuhusu maisha ya Piaf: na kinyongo changu kifuani. Hakikudumu. Marion Cotillard, aliyemwigiza hadi akapata Oscar, kwa sehemu kubwa hakuimba. Sauti zilitoka kwenye rekodi za marehemu, nyingine kwa mwimbaji Jil Aigrot. Kilichobaki kwa Cotillard ni mgongo uliopinda kabla ya wakati, vidole vilivyokakamaa, na macho ya mtu aliyeonja dhiki utotoni. Kumbe hicho ndicho kizito. Piaf alikufa 1963 akiwa na miaka 47, na mwili wa bibi kizee.

Wako wasanii wanaoishi kwa kumwimba Piaf, gauni jeusi mwilini, usiku baada ya usiku. Wabaya ni kasuku tu. Wazuri hawayafichi maisha yake: watakupeleka hadi danguro la bibi yake kule Normandy alikolelewa, watakupitisha kwenye msiba wa bondia Marcel Cerdan, mpenzi wake, ambaye ndege yake ilianguka Oktoba 1949 akimfuata New York. Baada ya hapo wimbo uleule unausikia vingine.

Mwaka 1935 mwenye klabu mmoja wa Paris, Louis Leplée, alimkuta Piaf akiimba barabarani. Kwetu nako, mwaka 1952 Hugh Tracey, katika safari zake za kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta kijana akipiga gitaa mtaani Jadotville, Likasi ya leo. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, hapahapa Lualaba. Sikiliza "Masanga": gumba linashika besi, kidole cha shahada kinapita juu yake na njia yake nyingine kabisa, mpaka utaapa wamekaa wawili. Gitaa hilo lilifika Nairobi, na mwaka 1969 likafika tamasha la Newport, Marekani. Na aliimba Kiswahili chetu, hiki cha kambi za migodi na sokoni, ambacho baadhi yetu tukifika Dar es Salaam tunakificha.

Mwaka 1979, vita vya Kolwezi bado vibichi, Mwingereza John Low alikuja Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza kwa Mwenda mwenyewe, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Namshukuru. Lakini namwonea haya pia, maana Mwenda alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990, na sisi majirani zake ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuketi mbele yake.

Wapo bado wanaoweza kupiga "Masanga", na wengine wanaipiga vizuri. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusimama jukwaani na kusimulia habari za kijana wa nchi ya Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyekulia chini ya Wabelgiji, akajulikana dunia nzima kwa nyuzi sita, halafu akarudi kuishi miongoni mwetu. Onyesho kama hilo halidai fedha za kobalti. Linadai gitaa, kiti, na mtu aliyefanya utafiti.

Vijana wa Manika na Dilala, mnaopiga gitaa kanisani na kwenye nganda: wazee waliomwona Mwenda kwa macho yao wanazidi kupungua. Kama yuko mmoja nyumbani kwenu, mwekee kiti, washa simu, mrekodi wiki hii.