Mpira Uliopotea ni wa Nani?

Ukitaka kujua ununue mpira gani wa gofu, anza na swali la aibu: unapoteza mingapi kwa siku? Muuzaji atakuambia habari za kasi na umbali. Swali hilo hatakuuliza.

Kwa macho, mipira yote ni ndugu. Sheria hairuhusu uzito kuzidi gramu 45.93 wala kipenyo kupungua milimita 42.67. Tofauti iko ndani na kwenye ganda. Wa vipande viwili, wenye ganda gumu, unaenda mbali, haupindi sana hewani, na bei yake ni poa. Wale wa bei kali, kama Titleist Pro V1 iliyotoka mwaka 2000, wana ganda laini la urethane. Ukiupiga vizuri karibu na shimo unazunguka kwa kasi, unatua na kusimama. Shida ni hapo kwa "vizuri". Anayeanza analipia ufundi ambao mikono yake bado haina. Halafu huku kwetu kuna mambo ya mlima: Nyeri iko juu ya mita 1,700, Nanyuki karibu 1,900, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi. Hata ule uliopotoka unasafiri mbali zaidi, moja kwa moja hadi kwa vichaka.

Tangu 2019 una dakika 3 za kuutafuta (zamani zilikuwa 5). Zikiisha, unajiongezea pigo moja, unarudi ulikotoka na kupiga mwingine. Sheria za gofu zimemalizana na ule wa kwanza. Maisha bado.

Maana kesho yake kijana atapita kwenye kile kichaka, achomwe na miiba, aingie mtaroni, atoke na mipira mfukoni. Ataiosha, aipange kulingana na majina, aiuze kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Na kwa mchezaji wa bajeti ndogo, huo wa mitumba mara nyingi ndio mpira unaomfaa. Lakini kuna wanachama wanaonunua kwa huyo kijana leo, na kesho wanamwita mwizi mbele ya askari wa geti. Hapo ndipo mimi nakasirika.

Waingereza waliotuletea mchezo huu walishapeleka jambo hilo kortini. Mwaka 1948 majaji wao waliamua kwamba mipira iliyoachwa kiwanjani ni mali ya klabu dhidi ya mtu aliyeingia bila ruhusa. Mwaka 2002 jamaa mmoja huko Leicester alifungwa miezi 6 kwa kuzamia ziwa la kiwanja usiku akiopoa mipira, ingawa Mahakama ya Rufaa ilimwachilia. Kwa hiyo kisheria klabu ina hoja. Lakini John Locke, Mwingereza mwenzao wa karne ya 17, alidai kwamba kitu kisicho na mwenyewe kinakuwa chako ukikitolea jasho. Klabu ilitoa jasho gani mtaroni? Utasema senyenge ni yao, na ardhi ni yao. Sawa. (Ardhi ya hapa ilipatikanaje, hiyo ni insha nyingine, na Nyeri nzima inaijua.)

Sitetei kila mtu. Kuna anayedaka mpira ungali unabingirika, mwenyewe akiwa bado anatembea kuufuata. Huo ni wizi, full stop. Ila mtu aliyetafuta, akachoka, akapiga mwingine, amefanya uamuzi. Hawezi kuuacha mpira kwa sababu miiba inauma, kisha audai kwa sababu kuna mwingine aliyekubali kuumwa.

Kwa hivyo ukinunua wa mitumba, ugeuze polepole. Mikwaruzo midogo haina neno, ufa kwenye ganda urudishe, na uliokaa majini muda mrefu unaweza kupungua nguvu. Mara nyingi utakuta herufi za kalamu, alama ya mwenyewe wa kwanza. Akiziona mkiwa shimo la nne na kusema huo ni wake, muuzie kwa bei ile ile uliyomlipa kijana.