Blanketi la Mti na Blanketi la Jirani

Limetufikia suali kutoka kwa jamaa zetu waliohamia Houston, Marekani: Je, kuifunika mimea usiku wa baridi kali ni kupungukiwa na tawakali?

Sisi wa pwani huenda tukacheka, kwani baridi yetu ni ya kusi, na shuka moja yatosha. Lakini Houston nao ni mji wa joto. Watu hupanda milimau na migomba uani, kisha mara moja moja huvamiwa na baridi ya kugandisha maji. Februari 2021 ilishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri.

Jawabu ni kuwa tawakali huja pamoja na kutenda. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaamriwa amfunge, kisha ategemee. Na mlimau wako ni ngamia wako. Utie maji udongo kabla ya usiku kuingia, maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko mkavu. Kisha ufunike mti kwa nguo mpaka chini, pande zote, kwani joto lenyewe latoka ardhini. Anayeifunga nguo shinani kama kilemba amelifungia joto nje. Plastiki isiguse majani. Jua likitoka, funua. Na hirizi ya kutundikwa mtini, wallahi, haina joto.

Lakini liko lililo kubwa kuliko hilo. Katika Suratul-Qalam tumesimuliwa habari za wenye bustani walioazimia kuvuna alfajiri ili maskini asipate kuingia. Wakalala, na kulipokucha bustani ilikuwa nyeusi. Hatusemi kila mti uliounguzwa na baridi ni adhabu, hilo ni la Mungu kulijua. Twasema kuwa hawakulaumiwa kwa kulima, bali kwa maskini.

Basi kumbukeni kuwa katika baridi ile ya 2021 umeme ulikatika kwa nyumba na maduka zaidi ya milioni 4 katika jimbo la Texas, na serikali ya huko ilihesabu watu 246 waliokufa, wengi wao kwa baridi. Mwenye blanketi juu ya mlimau, na ng'ambo ya ua yuko mzee anayetetemeka gizani, blanketi lile ni haki ya mzee. Wala asimuulize dini yake.

Na mti ukiungua, msiharakishe kuukata. Ngojeni joto lirudi, mkwaruze gome kwa ukucha. Pakiwa kijani chini yake, uko hai. Mgomba nao huoza juu, ukachipua tena kutoka ardhini.