Je, Kutokataza Kwatosha?



Tuseme mke ameshikwa na uchungu usiku, hapa Bondeni. Mume yuko zamu bandarini Kilindini, na simu yake haipatikani. Mama mkwe asema, "Tumngoje mwenyewe." Kukicha hali imekuwa mbaya. Mume akiulizwa hujibu, "Mimi sikukataza." Je, jibu hilo lamtoa lawamani?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mzazi hupotea kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuamua nyumbani, kufika hospitalini, na kuhudumiwa akishafika. Hilo la tatu tuwadai wakubwa. Lakini kwetu kisiwani Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali. La kwanza limo mikononi mwetu.

Ndugu mume, wasema wewe ni kichwa cha nyumba. Vyema. Kichwa ndicho chenye macho, na kazi yake ni kuona mbele. Katika Misa tunaungama pia wajibu tuliouacha, si mabaya tuliyotenda tu. Ruhusa ambayo mke hawezi kuipata saa ya hatari ni sawa na katazo, hata kama hukutamka neno. Tena uhai wa mkeo si mali yako. Ni amana ya Mungu.

Basi ketini pamoja mimba ikiwa changa. Mume afuatane na mkewe kliniki. Jiandikisheni SHA na mlipe mchango mapema, kwani mpango wa Linda Mama ulipokewa na Linda Jamii mwezi Oktoba 2024. Wekeni kando nauli ya tuktuk. Jueni dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kisha mume amwambie mama yake na majirani, mke akisikia: "Ikitokea dalili, au uchungu ukianza, aende. Msiningoje."

Neno hilo lidumu hata baada ya kujifungua, maana damu nyingi huweza kumuua mzazi kwa saa chache. Nawe mke, usifiche maumivu ukidhani ndiyo heshima.

Kristo alilitolea Kanisa uhai wake. Mume aombwa kutoa neno moja, mapema. Mungu azibariki nyumba zenu.