Ushahidi wa Damu

Mjomba wangu alikuwa katika siku ya kumi na tatu ya kulazwa kwake, akitibiwa maradhi ya vali ya moyo iliyoingiwa na bakteria, aliponiuliza swali ambalo kwanza nililihesabu kuwa ni la mgonjwa aliyechoshwa na dari la wodi, na ambalo tangu siku ile halijaniacha. Asubuhi hiyo aliambiwa kwamba kipimo cha damu yake, kilichozidi 180 siku aliyoingia, kimeshuka hata kufikia 12. Akanishika kwa mkono usio na kanula, akasema, "Mpwa wangu, damu yangu mwenyewe imekwisha nena kuwa nimepona. Basi hawa wananizuia kwa hoja gani?" Nilimwekea mto sawa, nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Kilichopimwa ni protini itengenezwayo na ini, ambayo watu wa maabara huiita kwa herufi tatu, CRP. William Tillett na Thomas Francis, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, waliieleza mwaka 1930, baada ya kuona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia, maradhi yakiwa yamepamba moto, hufanya mashapo ikichanganywa na dutu fulani itokayo katika kijidudu cha nimonia, na kwamba mgonjwa akipata nafuu tabia hiyo hutoweka. Katika afya aghalabu haifiki miligramu 10 kwa lita. Mwili ukipatwa na msiba, ini huanza kuimwaga kwa saa chache tu. Na msiba ukiondoka, kiasi kilichomo katika damu hupungua nusu yake kwa muda wa saa 19 hivi. Ni mjumbe mwepesi wa kuja na mwepesi wa kuondoka, lakini ana neno moja tu, nalo ni kwamba mahali fulani pana moto. Nyumba inayoungua haitaji. Mfupa uliovunjika humleta, na kisu cha mpasuaji humleta, sawasawa na vali iliyooza.

Kipimo kilichomtangulia ni kile cha kasi ya damu kutuama, yaani ESR, ambacho nimekitazama kwa macho yangu. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuizuia isigande huvutwa katika mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita kutoka 0 hadi 200, mrija ukasimamishwa wima katika kibao chake, ukaachwa saa nzima bila ya kuguswa. Chembe nyekundu huzama polepole, na juu yake hubaki maji ya manjano mepesi, mithili ya samli iliyoyeyushwa; lakini katika damu ya mtu mwenye uvimbe wa ndani, ambamo faibrinojeni imezidi, chembe zile hushikamana kama sarafu zilizopangwa moja juu ya moja, zikazama kwa haraka. Robin Fåhræus wa Stockholm, alipoichunguza tabia hii mwaka 1918, aliiona katika damu ya wajawazito, akatumai kwamba amepata njia ya kuitambua mimba. Jambo hili nimelitafakari mara nyingi. Damu ya mama anayelea uhai tumboni mwake, na damu ya mtu ambaye moyo wake unaliwa na vijidudu, zote huharakia chini, wala mrija hauna ulimi wa kupambanua baina ya bishara na msiba.

Fåhræus huyo huyo alieleza kwamba matabibu wa kale, walipomtoa mgonjwa damu na kuiacha bakulini, waliona tabaka jeupe limetanda juu ya ile nyekundu, nalo lilikuwa ni athari ya kutuama kule kwa haraka. Wakadhani kuwa tabaka lile ni uchafu wa maradhi yenyewe, na wengi wao wakalifanya sababu ya kuzidi kumtoa damu mtu ambaye tayari alikuwa dhaifu. Macho yao yaliona sawa. Hukumu ndiyo iliyopotoka, na waliouawa na hukumu ile hawana idadi.

Mafakihi wetu walitenga baina ya yakini, dhana na shaka, wakakubali kwamba katika matendo dhana yenye nguvu yatosha. Msafiri asiyejua Kibla kiko wapi hujitahidi kukitafuta, akaelekea upande uliomshinda nguvu moyoni, akasali, na sala yake ikasihi. Bali hapana aliyesema kwamba kwa jitihada hiyo ameiona Al-Kaaba. Matabibu nao wamefika hapo hapo kwa njia yao. Kanuni za Chuo Kikuu cha Duke, za mwaka 1994, huyahukumia maradhi haya mfano wa kadhi asikilizaye mashahidi: watoshe wakubwa wawili, au mkubwa mmoja na wadogo watatu, au wadogo watano. Bakteria waliooteshwa kutoka katika damu ni shahidi mkubwa; kinyama kilichoota juu ya vali, kikaonekana kwa mawimbi ya sauti, ni mkubwa; homa ni mdogo. Mwaka 1997 matabibu wa hospitali ya St Thomas' ya London walipendekeza CRP na ESR ziongezwe katika hao wadogo, lakini marekebisho ya mwaka 2000 hayakuzipokea. Naona ilikuwa haki, kwa maana shahidi asemaye neno lile lile katika kila kesi, ajapokuwa mkweli, hamtii mtu hatiani. Hafukuzwi barazani kwa sababu hiyo: akinyamaza kisha akapiga kelele upya, tabibu amelazimika kuinuka na kutafuta usaha uliojificha.

Februari 1911 mtunzi wa muziki Gustav Mahler aliugua mjini New York. Tabibu Emanuel Libman alishuku vali zake, damu ikaoteshwa, streptokoka zikaonekana. Mahler alitaka aambiwe kweli bila ya kufichwa, akaambiwa, akavushwa bahari, akafariki Vienna tarehe 18 Mei. Yeye alipewa yakini, na penisilini ilikuwa bado kuvumbuliwa. Mjomba wangu alipewa dawa, akaambiwa aishi na dhana, nami sioni kwamba aliyedhulumiwa ni mjomba.

Jibu nililolikosa nilimletea jioni ya pili, baada ya kumuuliza daktari. Vali ni utando ambao karibu hauna mishipa ya damu; bakteria hujijengea juu yake ngome ya damu iliyoganda, chembe nyeupe zisiwafikie kwa urahisi, na wengine humo hupunguza kuzaana, hali dawa nyingi huwaweza zaidi wale wanaozaana. Kwa hiyo tiba huchukua wiki nne hata sita. "Moto umepungua, mjomba, lakini makaa yangali chini ya jivu." Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Hata toba iko hivyo." Sikumwuliza alikuwa akikumbuka nini.

Muuguzi akaja na sindano ya saa mbili usiku. Mjomba akaikunja mwenyewe mikono ya kanzu yake, akamnyooshea mkono.