Magari ya Kale Kilimani Prescott

Huko Uingereza, katika jimbo la Gloucestershire, kipo kilima cha Prescott, ambacho tangu mwaka 1938 wapenzi wa magari hukipanda mmoja mmoja wakishindana na saa. Na wanivutiao zaidi ni wanachama wa Vintage Sports-Car Club, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1934, waletao mwisho wa juma magari ya zama za kabla ya Vita Vikuu vya Pili, si kwa tamaa ya fedha, bali kwa mahaba matupu. Litazame gari la Frazer Nash la zama hizo, ambalo badala ya giaboksi ya kawaida lina minyororo, kila gia na mnyororo wake, nayo haina budi kusafishwa na kutiwa mafuta. Na mwenyewe ainamapo, mikono imemjaa grisi, hasimu wake wa siku hiyo ndiye amwazimaye spana. Njia yenyewe yapata kilomita moja tu, ilhali matengenezo yamekula majuma. Nami nauona ule usuhuba penye vyuma vilivyofunguliwa kuwa na thamani kubwa kuliko kombe lolote. Mashindano yakisha, baadhi yao hurejea makwao kwa magari yale yale.