Thamani ya Kiwanja ni ya Nani?

Msomaji, mtu akiacha kiwanja chake Mombasa miaka 20 bila hata kukifyeka majani, kisha akakuta bei imezidi mara kumi, je, ziada hiyo ameichuma kwa jasho gani? Usiharakishe kujibu.

Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka kisiwani kwenda bara; mwaka 1901 ikafika Kisumu. Walioijenga walikuwa wengi, na wapakizi wa Kilindini wakaitia bandari uhai. Walakini ardhi ilipopanda bei, faida ilimwangukia mwenye hati. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ya pwani kuthibitisha madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Madalali hawakulala njaa.

Sasa tazama Majengo, jirani ya Mji wa Kale. Desturi ya pwani humruhusu mtu kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja. Watu huziita nyumba bila ardhi. Ni desturi ya busara maadamu ardhi ni rahisi. Bei ikipanda, mwenye kiwanja hutamani kuuza, na mwenye nyumba huambiwa aondoe nyumba yake. Aiondoeje? Ukuta wa fito na udongo haubebwi begani. Basi hukubali kuongezewa kodi, naye huwaongezea wapangaji, chumba kwa chumba, mpaka mzigo uwafikie watu wa bandarini. Januari 1947 watu hao waligoma kwa takriban siku 12, na ughali wa maisha na makazi ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Meli zikangoja.

Yamkini utasema bei ikishuka maskini atapumua. La. Aghalabu bei hupandishwa na mikopo: benki hukopesha kwa dhamana ya nyumba, mkopo huongeza wanunuzi, na wanunuzi huongeza bei. Bei ikianguka, deni halianguki nayo. Marekani iliyaona hayo mwaka 2008: watu walitolewa majumbani, mabenki yakafilisika, na mafundi wasiokopa hata senti wakakosa kazi.

Wako wasemao kwamba mwenye kiwanja alihatirisha mali yake, hivyo astahili faida. Kwa aliyejenga hoja hiyo ina uzito. Kwa aliyengoja tu, mimi naiona nyepesi. Mji uliopandisha bei ungestahili kurudishiwa sehemu yake kwa njia ya ushuru, na mwenye nyumba wa Majengo apewe nafasi ya kwanza kuinunua ardhi aliyojengea. Lakini ainunue kwa bei ya mwaka gani: ule aliosimamisha nguzo zake, au huu wa leo?